Dirisha la Utosi

Mwanangu wa kwanza alizaliwa wa miezi saba, na mtu wa kwanza kumtazama baada ya mkunga alisema, "Mtoto gani huyu? Huyu ni kidole." Aliyesema alikuwa mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Alisema huku machozi yanamtiririka, lakini mimi machozi sikuyahesabu. Nililishika lile neno na nikaliweka moyoni.

Hasira zangu zilijulikana Malindi nzima. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na watoto wakisikia viatu vyangu ukumbini darasa hunyamaza lenyewe. Mavyaa naye hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Tulikaa nyumba moja, yeye chumba cha mbele, sisi cha nyuma, na mume wangu, aliyekuwa mpishi katika hoteli ya ufuoni, alichagua kupenda kazi yake sana ili asiwe nyumbani tukianza. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, Wazungu walikuwa wamejaa mjini, na mpishi hakosi kisingizio.

Mtoto alikuwa akisahau kupumua. Sijui niseme vipi vinginevyo. Alikuwa akipumua vizuri, halafu anaacha, kama mtu aliyekumbuka jambo jingine, na rangi yake inageuka. Mara ya kwanza mkunga alimpiga nyayo akarudi. Ilipotokea tena tulipakiwa kwenye gari la wagonjwa, mimi na yeye, tukavushwa Kilifi kwa feri hadi hospitali moja upande wa pili, njia ya Mombasa, ambako kulikuwa na kisanduku cha joto cha watoto kama yeye.

Huko ndiko nilikokutana na daktari wake. Alikuwa mwanamke wa bara, mrefu, mpole, Kiswahili chake kikavu kisicho na mafuta, lakini kila alichokisema kilieleweka. Siku moja akaja anasukuma kabati dogo lenye magurudumu, juu yake televisheni ndogo ya rangi ya kijivu. Akaniambia anataka kuangalia ubongo wa mtoto.

Nikaruka. Nilidhani anataka kumpasua.

"Hapana, mama. Hatumkati. Hii mashine inapiga picha kwa sauti. Kichwa chako wewe ni mfupa mtupu, sauti haipiti. Lakini yeye bado ana utosi. Utosi ni dirisha. Mimi nachungulia tu, halafu natoka."

Akampaka utosini ute fulani mweupe wa baridi, akamwekea kitu kama kishikio cha kisu, na kwenye kioo pakatokea picha ambayo mimi sikuielewa hata kidogo. Yeye aliielewa. Alitazama muda, akafuta ule ute taratibu, akaniketisha.

Akanieleza kwamba ndani ya ubongo kuna vyumba vya maji, na kila mtu anavyo, nisiogope hivyo. Lakini pembeni mwa vyumba hivyo, kwa mwanangu, palikuwa na weupe usiostahili kuwapo. Alipokuwa akiacha kupumua, sehemu hiyo ilikosa damu ya kutosha. Huenda ikapona, weupe ukafutika, tukasahau. Huenda nyama ya hapo ikafa, ikayeyuka, ikaacha matundu, vifuko vidogo vya maji. Leo hakuna anayeweza kujua. Matundu hayajionyeshi mara moja, huchukua wiki kadhaa.

"Na yakijionyesha?"

"Mara nyingi ni miguu," alisema. "Inakakamaa. Mtoto anatembea kwa shida, ama hatembei."

Nilimshukuru kwa adabu kabisa, kama niliyeelezwa bei ya kitambaa. Kisha nikaenda msalani nikalia mpaka muuguzi akaja kunigongea mlango.

Mtoto alinenepa kidogo, akaacha mchezo wake wa kusahau pumzi, tukaruhusiwa kwenda nyumbani. Tuliambiwa turudi baada ya wiki chache kwa picha ya pili, hiyo ndiyo itakayosema kweli. Kwa hiyo nilirudi Malindi na mtoto mkononi na swali moja kichwani, nalo sikulala wala kula bila yake: atatembea au hatatembea?

Ikawa kila nikimnyonyesha nakunja mguu mmoja, naunyoosha, nakunja wa pili, naunyoosha, nikisikiliza kama umekakamaa. Usiku na mchana. Mavyaa aliniona.

"Utamng'oa, wewe."

"Nataka kujua kama miguu ni laini."

"Miguu ya kuku hulainishwa hivyo. Ya mtoto huachwa."

Tulikuwa ndani ya arobaini, zile siku za kutawa baada ya uzazi, na arobaini ilikuwa enzi ya mavyaa. Alinifukizia udi, alinikanda tumbo kwa maji ya moto, alinilisha mchuzi wa pilipili manga mpaka kamasi zikanitoka. Mtoto hakutolewa nje hata kibarazani. Hata nywele zake za tumboni, ambazo kwetu hunyolewa siku ya saba, zilikuwa bado zipo, kwa sababu siku ya saba alikuwa ndani ya kisanduku. Mavyaa alikuwa ameamua atamnyoa mwenyewe arobaini ikitimia. Zilikuwa nywele nyingi ajabu kwa kichwa kidogo namna ile, nyeusi, zimelala mpaka kwenye nyusi.

Nilipomweleza habari ya matundu, alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema, "Tundu mmelianza nyinyi."

"Sisi nani?"

"Wewe na daktari wako. Utosi wa mtoto hufunikwa, haufunguliwi. Mtoto hajatimiza hata mwezi, mwamchungulia kichwani na mashine, halafu mwashangaa pana matundu? Upepo wapita wapi, kama si hapo?"

Nilimwambia kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kwa darasa la nne kwamba hayo ni mambo ya kizamani. Akasema mume wangu amelelewa kwa mambo ya kizamani na hajambo, mrefu kama mnazi. Hatukusemeshana mpaka jioni ya siku ya pili.

Siku ya safari ilipokaribia nilijiandaa kwa vita, maana ilikuwa ndani ya arobaini bado, na mtoto wa arobaini havushwi maji. Safari ya kwanza alivushwa kwa dharura, hilo mavyaa alilisamehe. Hii ya pili ilikuwa ya kupanga. Lakini hakupigana. Alisema atakuja nasi, kwa sharti moja, kwamba yeye ndiye atakayemwandaa mtoto kwa kuvuka.

Nikakubali bila kuuliza kumwandaa ni kufanya nini. Nilifikiri ni kumvisha kofia na kumsomea. Tena nilifurahi, kwa sababu pamoja na kelele zangu zote niliogopa kuisikia ile habari peke yangu.

Tulipata gari la jirani aliyekuwa akipeleka samaki Mombasa. Tulikaa mbele, mavyaa amempakata mtoto, kichwa chote kimefunikwa kanga. Barafu iliyeyuka ikidondoka nyuma na harufu ya samaki ilituganda mwilini, kiasi kwamba hata kama mtu angekuwa amebeba kitu kingine chenye harufu kali, nisingekitambua. Kilifi tulingoja feri kwa muda, tukavuka. Nilipotaka kumfunua mtoto kichwa apate hewa, mavyaa aliuzuia mkono wangu.

"Tufike kwanza ng'ambo," alisema.

Daktari alitupokea vizuri. Alimsifu mtoto mashavu, akamwamkia mavyaa "Shikamoo, nyanya," na mavyaa akaitikia "Marahaba" kwa shingo upande, macho yapo kwenye mashine. Akaitazama juu hadi chini. "Na hiyo mumtiayo ndani ni nini?"

"Ni sauti tu, nyanya."

"Sauti huingia sikioni. Huyu babu yake alimwadhinia sikioni, nikasikia na mimi. Hii mbona siisikii?"

"Ni nyembamba sana. Sikio la mtu haliwezi kuisikia."

Mavyaa alifikiri. "Basi mpitishie polepole," alisema, na akampa mtoto.

Daktari alizisukuma zile nywele huku na huku, akazikuta zimekolea mafuta. Hilo halikumshangaza, maana watoto wote wa pwani hupakwa mafuta. Akamimina ute wake, akaweka mashine. Mimi safari hii nilisimama nyuma ya bega lake nikitazama kioo, ingawa sikujua nitazame wapi. Nilijua neno moja tu, kwamba matundu huwa meusi.

Kioo kilikuwa cheusi.

Si chote. Pembeni palikuwa na ukijivu, lakini katikati, kushoto na kulia, palikuwa na mapande meusi tii, makubwa, yenye kingo. Hata mimi niliyaona. Nilimtazama daktari, naye alikuwa amenyamaza kimya cha aina yake. Mimi ni mwalimu, nakijua kimya cha mtu anayetafuta namna ya kumwambia mzazi jambo. Nikashika ukingo wa kitanda. Nilimwona mwanangu mkubwa, amekaa kibarazani, wenzake wanakimbia. Nilijiona nikimbeba mgongoni akiwa na ndevu. Picha hizo zilinijia upesi kuliko zile za kwenye kioo.

Daktari alikiinamisha kile kishikio upande mmoja. Akakiinamisha upande wa pili. Akakiinua, akakirudisha nyuma kidogo. Mapande meusi yakasogea.

"Ngoja," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tundu haliwezi kunifuata. Likiwa kwa ubongo, linakaa mahali pake. Hili linahama nikihama. Hiki ni kivuli. Kuna kitu huku juu kinazuia sauti."

Akatenga nywele kwa vidole viwili, akaukwaruza utosi kwa ukucha, akanusa ule ukucha.

"Hii harufu si ya samaki," alisema.

Nikageuka. Mavyaa alikuwa akitazama dari.

"Mama," nikasema. "Umempaka nini?"

Aliendelea kutazama dari.

"Mama!"

"Usinipigie kelele mbele za watu. Ni mvuje."

"Mvuje tu?" Kwetu ndiyo ile gundi yenye harufu kali wapakwayo watoto kuwakinga na pepo.

"Na ubani wa kutafuna. Na wanja kidogo. Na majivu ya karafuu, ya kushikia." Akajifunga kanga upya, kifua mbele. "Mtoto avushwa maji, arobaini haijatimu, utosi wazi, na mumeniambia wenyewe kichwa chaingia matundu. Mulitaka nimwache hivihivi? Nimeziba."

Nilihisi hasira inapanda kutoka kwenye nyayo. Nilikuwa na maneno tayari, mengi, ya miezi. Lakini kabla sijafungua mdomo, daktari alianza kucheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyetua mzigo, akijipangusa macho kwa mgongo wa mkono, na ndipo nilipoelewa kwamba na yeye alikuwa ameogopa.

"Nyanya, umeziba kweli," alisema. "Hata sauti imeshindwa kupita. Sasa, inatoka kwa kitu gani?"

"Haitoki. Ingekuwa yatoka, ingekuwa na faida gani?"

Tulijaribu. Tulitia mafuta ya nazi, tulitia maji ya vuguvugu na sabuni, tulisugua kwa pamba. Pamba ikanasa juu yake. Ubani ulikuwa umeshikana na nywele, nywele zimeshikana na majivu, vyote vimekuwa kofia moja ngumu. Mtoto akaanza kulia. Muuguzi akasema hakuna njia ila kunyoa, akaenda kuleta wembe.

Aliporudi nao, mavyaa alisimama kati yake na mtoto.

"Nywele za tumboni hazinyolewi na mtu wa hospitali," alisema.

"Basi tufanye nini, nyanya?" daktari akauliza.

Mavyaa alimtazama mjukuu wake, akanitazama mimi, akautazama ule mlango kama mwenye kutafuta msaada nje. Unyoaji huo alikuwa ameupanga ufanywe nyumbani, na ubani, na majirani, na sinia ya kashata. Na juu ya hapo alitakiwa auondoe kwa mkono wake mwenyewe ulinzi aliouweka, tukiwa bado na maji ya kuvuka kurudi. Na kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa nikaona kwamba mwanamke huyu anaogopa kama mimi, swali ni lilelile, tofauti ni dawa tu.

"Nipe wembe," alisema.

Alinawa mikono. Akakaa, akamlaza mtoto mapajani, akasoma bismillahi, akamlainisha kichwa kwa ule ute wa mashine, maana ndio uliokuwa karibu. Alikuwa amenyoa vichwa vya nusu ya mtaa wetu, na mkono wake uliushika wembe kwa uzoefu. Alianza pembeni akaja katikati, taratibu, akivuta ngozi kwa kidole gumba. Kila fungu la nywele alilitia kwenye ncha ya kanga yake. Mtoto alinyamaza akafumba macho. Alipofika utosini alibana pumzi, nami nikabana, na ile kofia ya mvuje ikatoka kipande kimoja, kama gamba.

Chini yake palikuwa na ngozi laini inayopanda na kushuka. Sikuwahi kuuona utosi wake hivyo, mtupu. Ulikuwa ukipiga kama koo la mjusi.

Daktari akarudisha mashine. Safari hii picha iliingia yote, kijivu juu ya kijivu, na yeye akaanza kutembea nayo, mbele, nyuma, kushoto, kulia, anasimama, anarudi. Nilisoma kila nilichokijua, mpaka dua ya kuingia msalani.

"Ule weupe umefutika," alisema hatimaye. "Na matundu hakuna."

"Hakuna?"

"Hakuna, mama."

"Hata madogo?"

"Hata madogo. Siwezi kukuahidi kila kitu, huyu alizaliwa mapema, atachelewa mambo mengine. Lakini kile nilichokuwa nakiogopa hakipo."

Nilimuuliza tena, nadhani mara nyingi, mpaka akanishika mikono. Furaha yangu haikuwa na adabu yoyote. Nililia kwa sauti, nikacheka, nikambusu daktari begani, nikambusu muuguzi aliyekuwa hajafanya lolote ila kuleta wembe. Nilihisi mwili mzima mwepesi, na njaa, njaa kubwa kama ya mtu aliyefunga.

Mavyaa alikuwa bado amekaa, amekunja ncha ya kanga yake yenye nywele. "Nionyesheni na mimi," alisema. Daktari akamgeuzia kioo. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Huu ndio ubongo wa mjukuu wangu?"

"Ndio huo."

"Mbona kama uji?"

"Ni uji mzuri, nyanya. Hauna madonge."

Mavyaa akapiga kigelegele kimoja, kirefu, humo humo chumbani, mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia mlangoni kuuliza nani kajifungua.

Tulirudi kwa basi. Feri ilipoondoka Mnarani, ng'ambo ya Kilifi, tulisimama sote penye upepo, mavyaa kampakata mtoto, kichwa kimenyolewa kinang'aa mafuta, hakina kofia wala dawa. Maji yalikuwa yakipiga ubavuni. Mimi, mwalimu, mpinga mambo ya kizamani, nilijikuta nimenyoosha mkono nikaweka kiganja juu ya utosi wa mwanangu, nikaufunika.

Mavyaa alinitazama. "Ondoa mkono huo. Una jasho."

"Siondoi."

"Si mumeona wenyewe ndani salama?"

"Nimeona," nikasema. "Siondoi mpaka tufike ng'ambo."

Alicheka mpaka mtandio wa kanga ukamporomoka. Nami nikacheka, na tulifika Kilifi tukiwa bado tunacheka, watu wanatutazama, kiganja changu kipo palepale. Nadhani uhusiano wetu ulianza pale. Tuliendelea kugombana miaka yote aliyoishi, lakini ugomvi wetu ulikuwa umepoteza meno.

Mtoto alichelewa, kama daktari alivyosema. Alichelewa kukaa, akachelewa kusimama, na watoto wa jirani waliozaliwa baada yake walikuwa tayari wanatoroka nje naye bado anajivuta kwa makalio. Nilijikaza. Nilikuwa nimeiona picha kwa macho yangu, lakini hofu haijui kusoma picha, na usiku mwingine nilijikuta nakunja tena ile miguu naye amelala.

Kisha alasiri moja, mavyaa anakuna nazi uani, mimi nasahihisha madaftari mlangoni, mtoto akashika bega la bibi yake akasimama. Akaliachia. Akaitazama nazi, akanitazama mimi, akaja. Hakukimbia, alikuja kama mlevi, mikono juu, tumbo mbele, akaanguka mapajani mwangu juu ya madaftari ya watu.

Mavyaa aliinuka, mikono ina machicha ya nazi, akaja akapapasa kichwa cha mtoto katikati, polepole, kwa kidole gumba kilekile. Akauchukua mkono wangu akauweka hapo. Palikuwa na mfupa, mgumu, mzima.

"Dirisha limefungwa," alisema. "Na waliomo ndani salama."